Acheni kusugua rupia za Mjerumani

Rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni wa Kijerumani, haipandi bei kwa kung'arishwa, inashuka. Wiki hii nimetumiwa tena picha ya rupia ya 1890 iliyosuguliwa hadi ikawa nyeupe kama kijiko kipya, na mwenye nayo ameandika chini: "Nimeshaisafisha, mteja asisumbuke." Nimesikitika kweli. Kwenye pembe za herufi bado kulikuwa na mabaki ya weusi wake, na weusi huo ndio ningeulipia.

Ya msingi niyapitie haraka. Rupia za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za 1890 hadi 1902, zina nembo yenye simba. Za Serikali ya Kijerumani, za 1904 hadi 1914, zina herufi ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Sarafu za rupia moja zote ni gramu 11.66, milimita 30, fedha ya 917 kwa 1000, meno ukingoni. Sumaku ikiikamata ni bandia, mazungumzo yameisha. Ukongwe peke yake haukupi bei: sarafu ndogo za shaba za heller moja zilipigwa kwa mamilioni, ilhali sarafu za rupia mbili zilipigwa 1893 na 1894 tu.

Sasa turudi kwenye kusugua. Sarafu inapopigwa, madini husukumwa kwa nguvu hadi yajae kwenye mchongo, na msukumo huo huacha mistari midogo mno inayoelekea ukingoni. Ishike rupia isiyoguswa chini ya taa moja uizungushe polepole, utaona mwanga unatembea usoni mwake. Mistari hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka ukipitisha majivu au dawa ya meno, na hakuna sonara wa kuirudisha. Chini ya lenzi ya mara kumi utakuta mikwaruzo iliyolala upande mmoja, inapanda shavu la Kaizari wa Ujerumani aliyechongwa usoni mwa sarafu na kuteremka hadi sehemu tupu nyuma ya shingo yake, na manyoya ya tai juu ya kofia yake yamelainika. Limao nalo halikwaruzi, ila linakula uso wenyewe, sarafu inabaki nyeupe iliyopauka.

Na ule weusi si kutu! Ni salfa ya hewani iliyoungana na fedha taratibu, safu nyembamba iliyojijenga kwa zaidi ya miaka mia. Mnunuzi makini akiuona anajua hakuna mkono uliochezea. Kinachostahili kuondolewa ni ute wa kijani unaotokana na vile vifuko vya plastiki laini, kwa sababu huo unakula madini. Iloweke kwenye asetoni safi, mbali na moto, bila kusugua hata kidogo.

Rupia moja ya mwaka usio adimu iliyokwisha kusuguliwa ina gramu 10.69 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo. Wanunuzi wengi huanzia hapo, na wengi hawavuki hapo.

Katalogi hugawa hali ya sarafu kwa madaraja kana kwamba mipaka yake imepigwa rula. Haiko hivyo. Upo weusi wa kutengenezwa, wa salfa au wa moto, ambao siwezi kuutambua kwa uhakika hata sarafu ikiwa mkononi. Nimeshabishana na mwenzangu mwenye jicho zuri kuliko langu juu ya rupia moja, tukaachana bila kukubaliana. Tena kuna zile zenye alama ya kulehemiwa kwa sababu zilivaliwa shingoni. Sokoni zinahesabiwa zimeharibika. Mimi sikubali kirahisi, maana kuvaliwa ni sehemu ya maisha ya sarafu hizi huku kwetu, ingawa bei haitanisikiliza. Msizichokonoe lehemu hizo.

Ndovu wa Tabora, ile dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa 1916 vita vikiendelea, usinitumie picha ukitaka nithibitishe. Za kughushi ni nyingi. Halisi ni gramu 7.168 za dhahabu ya 750 kwa 1000, ina T ndogo ya Tabora, na ziko aina mbili: ncha ya pambo inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A. Vyote hivyo mghushi naye anavijua. Lazima niiweke kwenye mizani, niukague ukingo, kisha niilaze kando ya ile ninayoiamini.