Projesteroni 0.4: Ng'ombe Ana Mimba au Hana?

Mfugaji anaingia maabara na karatasi ya majibu aliyoikunja mara nne. "Daktari, projesteroni 0.4. Sasa ana mimba au hana?" Nami namrudishia swali: damu ilitolewa siku ya ngapi tangu apandishwe?

Projesteroni ni homoni inayotolewa na kivimbe cha njano kinachobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Ng'ombe akiwa kwenye joto, yaani anataka dume, kipimo huwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita. Kuanzia siku ya 4 au 5 baada ya joto kinapanda na kukaa juu kwa zaidi ya wiki. Kama mimba haikushika, mfuko wa uzazi humwaga homoni nyingine, prostaglandini, karibu siku ya 17, kivimbe kinanywea, projesteroni inaporomoka, na joto hurudi karibu siku ya 21.

Kwa hiyo 0.4 siku ya kupandishwa ndiyo tunayoitaka. 0.4 hiyo hiyo siku ya 22 maana yake hana mimba, na hapo hatusitisiti. Lakini ukipata 5 siku ya 22, usishangilie bado. Huenda ameshika, huenda pia mzunguko wake ni mrefu, au alipandishwa siku isiyo ya joto. Kipimo hiki ni hodari wa kusema "hapana". "Ndiyo" isubiri ultrasaundi karibu siku ya 30, au mkono wa daktari ukipapasa mfuko wa uzazi baadaye kidogo.

Na yule aliyezaa miezi miwili iliyopita, joto halijaonekana? Chukua sampuli mbili, zipishane siku 10. Zote zikiwa chini, ovari zimelala. Hata moja ikiwa juu, mzunguko upo, na mara nyingi joto linapita usiku sisi tumelala.

Makosa mengi ninayokutana nayo yanaanzia kwenye kichupa, si kwenye mashine. Kutoa damu ni rahisi: mkia unainuliwa wima, sindano inaingia kwenye mfereji wa katikati upande wa chini, mililita chache zinatosha. Kisha kichupa kinaachwa kwenye dashibodi ya gari, juani. Chembe nyekundu za damu ya ng'ombe huendelea kuibadilisha projesteroni humo humo kichupani, na baada ya saa kadhaa mwenye mimba anasomeka hana. Akichomwa prostaglandini ili arudi kwenye joto, mimba inatoka. Barafu palepale, basi, na plazma (maji ya damu yasiyo na chembe) itenganishwe mapema.

Wengine huomba tupime na LH, homoni inayochochea yai kutoka. Hutoka kwa midundo, na wimbi lake kubwa kabla ya yai kutoka hudumu saa chache tu. Kulinasa kwa sampuli moja ni bahati nasibu. Kwa kazi za zizini projesteroni inatosha, mradi kichupa kije na namba ya hereni, tarehe ya kupandishwa na saa damu ilipotolewa.