Jina Lililo Kwenye Hati Si Lazima Liwe la Mwenye Ardhi: Kisa cha Ranchi ya Santa Margarita y Las Flores

Mwaka 1879 serikali ya Marekani ilitoa hati miliki ya ranchi ya Santa Margarita y Las Flores, kusini mwa California, kwa majina ya ndugu wawili: Pío Pico na Andrés Pico. Ilikuwa ranchi ya zaidi ya ekari 133,000, kuanzia ufukwe wa Pasifiki hadi milima ya ndani. Andrés alikuwa ameshafariki tangu 1876. Pío alikuwa hai, lakini ardhi ile ilikwisha kumtoka mikononi tangu 1864. Mtafiti anayeishia kwenye hati hiyo huandika kwamba mwaka 1879 ranchi ilikuwa ya akina Pico, na hukosea kwa miaka 15. Sisi tunaoshughulika na kumbukumbu za ardhi tunaliona kosa hili mara kwa mara, tena kwa watu makini. Linaeleweka ukijua hati ile ilikuwa inajibu swali gani.

Kabla ya hati yoyote, nchi hiyo ilikuwa ya makabila ya wenyeji, Waluiseño na Waacjachemen. Mwaka 1798 mapadri Wafransisko walianzisha misheni ya San Luis Rey, na malisho yale yakawa chini ya misheni, mifugo ikichungwa na wenyeji waliobatizwa. Mexico ilijitwalia uhuru kutoka Hispania mwaka 1821, na mwaka 1833 bunge lake likapitisha sheria ya kuzitoa misheni mikononi mwa mapadri. Taratibu za mwaka uliofuata zilitaka sehemu ya ardhi igawiwe wenyeji. Kilichowafikia ni kidogo sana.

Msimamizi wa serikali katika San Luis Rey miaka hiyo alikuwa Pío Pico mwenyewe. Mwaka 1841 gavana Juan Bautista Alvarado akampa yeye na mdogo wake Andrés ardhi ya Santa Margarita. Mwaka 1844 ikaongezwa Las Flores, palipokuwa na kijiji cha wenyeji waliotoka misheni. Aliyewekwa kusimamia mali akaishia kuimiliki, na jambo hili halifai kupitwa kimyakimya, maana masimulizi mengi humtaja Pico kama mtu aliyedhulumiwa tu. Yalimfika baadaye, ni kweli. Lakini mwanzoni yeye ndiye aliyefaidi. Tena alikuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika: sensa ya mwaka 1790 ilimwandika bibi yake mzaa baba kuwa mulata, yaani chotara. Akaja kuwa gavana wa mwisho wa California chini ya Mexico.

Chini ya sheria ya Mexico, aliyeomba ardhi alipeleka ombi pamoja na diseño, yaani ramani iliyochorwa kwa mkono ikionyesha mito, vilima, pengine mti mkubwa au fuvu la ng'ombe kama alama ya mpaka. Kisha hakimu alifika na mashahidi. Wapanda farasi wawili walipima kwa kamba ya ngozi yenye urefu wa vara 50, kama mita 42: mmoja anasimama na ncha moja, mwenzake anatoka mbio na nyingine, wanaendelea hivyo hadi ukingoni. Mmiliki mpya aling'oa majani, akavunja matawi na kurusha mawe pande zote, kuonyesha kwamba ameshika ardhi. Kwa majirani waliojuana na wenye ardhi tele ya kulishia ng'ombe wa ngozi na shahamu, hilo lilitosha.

Vita vya Marekani na Mexico vilimalizwa na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 1848. Mkataba uliahidi kuheshimu mali za Wamexico, lakini Baraza la Seneti lilikifuta kifungu cha 10, kilichohusu hasa ardhi zilizogawiwa na serikali ya Mexico. Mwaka 1851 ikaja Sheria ya Ardhi ya California, na hapo ndipo penye kiini cha kisa chetu. Sheria hiyo ilimtwika mwenye ardhi mzigo wa kuthibitisha kwamba ardhi ni yake. Alipewa miaka 2 kuwasilisha dai mbele ya tume ya makamishna watatu. Asipofanya hivyo, ardhi ilihesabiwa kuwa ya umma. Wenyeji wa asili, waliokuwa na haki ya kale kuliko wote, karibu wote hawakuwasilisha chochote, na muda ukapita.

Tume ilipokea madai 813. Uamuzi wake ungeweza kukatiwa rufaa mahakamani, kisha hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na baada ya hapo wapima ardhi walipaswa kupima upya mipaka ya kamba na mafuvu. Kwa wastani, kutoka dai hadi hati kulipita miaka 17. Hati ya 1879, basi, ilikuwa jibu la ombi la miaka ya 1850, kwa majina ya walioomba wakati huo. Haikugusa yaliyotokea katikati, na yaliyotokea katikati ndiyo yaliyoamua kila kitu.

Wanasheria walitaka fedha taslimu, wakati utajiri wa ranchi ulikuwa ng'ombe na nyasi. Wenye ranchi wakakopa kwa riba iliyohesabiwa kwa mwezi, tena kwa asilimia kadhaa. Kukawa na kodi ya ardhi, jambo ambalo hawakulizoea chini ya Mexico. Yakaja mafuriko ya 1861 na 1862, kisha ukame mkali hadi 1864. Mifugo ikateketea na dhamana ya mikopo ikatoweka nayo. Andrés alimwachia kaka yake sehemu yake mwaka 1862. Miaka 2 baadaye Pío akatia saini hati ya kumhamishia ardhi shemeji yake, John Forster, mzaliwa wa Liverpool aliyemwoa dada yao Isidora. Kwa upande wake, Forster alibeba madeni.

Hati hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Pico hakuisoma. Alishikilia kwamba alidhani anatoa nusu tu, na mashemeji hao wakafikishana mahakamani San Diego mwaka 1873. Jopo la waamuzi raia lilimpa Forster ushindi. Mimi naamini shauri hili lisomwe na kila anayeshughulika na ardhi: saini ilikuwa halali, na kwa mahakama hilo lilitosha.

Forster alifariki mwaka 1882, na mwaka huohuo ranchi ikauzwa kwa James Flood, aliyetajirika kwa migodi ya madini ya fedha, akiwa na Richard O'Neill kama msimamizi aliyeahidiwa nusu kwa kazi yake. Ahadi hiyo ilitimizwa na mtoto wa Flood mwanzoni mwa karne ya 20. Usimamizi huu nao ulizaa umiliki, safari hii kwa makubaliano ya wazi.

Mwaka 1942, katikati ya vita, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilichukua sehemu kubwa ya ranchi kwa zaidi ya dola milioni 4, na Rais Roosevelt akafika Septemba kuzindua kambi ya Pendleton. Nyumba kuu ya ranchi ingali imesimama ndani ya kambi. Ufukwe wa San Onofre, ambako umma huenda kuteleza juu ya mawimbi, ni ardhi ya jeshi iliyokodishwa kwa jimbo la California tangu 1971. Anayetaka kujua nani mwenye ufukwe huo atafute mkataba wa ukodishaji, maana kibao cha hifadhi ya jimbo kilichopo langoni hakimwambii hilo.