Kabla ya Kuchagua Kadi ya Grafiki, Nionyeshe Faili la Kamera Yako

Msimu wa harusi unapokaribia, meza yangu ya ufundi hapa Dar es Salaam hujaa kompyuta za watu wanaohariri video nyumbani, na karibu kila mmoja wao huja na swali ambalo amekwisha kujijibu nusu: "Fundi, kadi hii ya grafiki naona inasifiwa sana, niichukue?" Kabla sijasema lolote kuhusu kadi, huomba nipewe faili moja lililotoka moja kwa moja kwenye kamera, ambalo halijapitishwa WhatsApp wala kuguswa na programu yoyote. Wengine hudhani ninawazungusha. Lakini faili hilo ndilo litakaloamua kama fedha zao ziende kwenye kadi, ziende kwenye prosesa, au zibaki mfukoni.

Sababu ni kwamba katika kompyuta ya uhariri kadi ya grafiki hufanya kazi tatu tofauti, ilhali majaribio ya kasi ambayo watu huyatazama YouTube, mengi yakiwa yamefanywa kwa gemu, hupima moja tu. Kamera haihifadhi picha zikiwa wazi. Huzikunja kwa mbinu kama H.264 au H.265 ili zienee katika memori kadi, na kila unapocheza kipande katika programu ya uhariri ni lazima picha hizo zikunjuliwe, fremu 25 au 50 kwa sekunde, bila kusitasita. Hiyo ni kazi ya kwanza. Ya pili ni kuzichakata, yaani kusahihisha rangi, kuondoa chengachenga na kuongeza madoido. Ya tatu ni kuzikunja upya unapotoa faili la kumkabidhi mteja. Kazi ya kwanza na ya tatu hufanywa na saketi ndogo maalumu, ambazo Nvidia, mtengenezaji wa kadi, huziita NVDEC na NVENC na Intel, mtengenezaji wa prosesa, huziita Quick Sync, na uwezo wa saketi hizo hauongezeki kwa sababu tu kadi ina nguvu zaidi ya kuchezesha gemu.

Nililielewa jambo hili vizuri kupitia kijana mmoja anayerekodi harusi na sendofu, ambaye alikuja na kompyuta yenye prosesa ya Intel Core i5-12400F na kadi ya RTX 3060, mchanganyiko ambao mcheza gemu angeufurahia. Kamera yake ilikuwa Sony a7 IV, naye alikuwa akirekodi kwa H.265 ya biti 10, 4:2:2, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba rangi za namna hiyo hustahimili zaidi marekebisho. Alichosoma kilikuwa sahihi. Biti 10 hutoa ngazi 1,024 za kila rangi ya msingi badala ya 256 za biti 8. Na katika 4:2:2 kila pikseli mbili zilizofuatana katika mstari hugawana taarifa moja ya rangi, ilhali katika 4:2:0 taarifa hiyo hugawanywa na pikseli nne. Shida ni kwamba ndani ya programu ya uhariri ya Premiere Pro video yake ilikuwa inakwama kila baada ya sekunde chache, na yeye alikuwa tayari kuiuza kadi yake ili anunue RTX 4070.

RTX 4070 isingemsaidia. Kadi za Nvidia hazikuweza kukunjua 4:2:2 kwa saketi zake hadi mfululizo wa RTX 50 ulipotoka mwaka 2025, kwa hiyo RTX 3060, RTX 4070 na hata RTX 4090 zote huiachia prosesa kazi hiyo. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zinaweza kukunjua H.265 ya 4:2:2 kwa kutumia Quick Sync, lakini Quick Sync imo ndani ya grafiki ya prosesa yenyewe, na ile herufi F mwishoni mwa jina la i5-12400F humaanisha kwamba prosesa hiyo haina grafiki ya ndani. Kijana wangu alikuwa amepunguziwa bei kidogo dukani, na kumbe kilichopunguzwa ndicho hasa alichokihitaji. Tuliiuza prosesa ile na kuweka i5-12500, inayokaa kwenye soketi ileile, kisha nikaingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kuiwasha grafiki ya ndani, kwa sababu madabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi huizima zinapoona kadi imechomekwa. Niliichagua 12500 badala ya 12400 ya kawaida kwa kuwa grafiki yake, UHD 770, ina injini mbili za video, wakati UHD 730 ya 12400 ina moja. Kadi hatukuigusa, na video ikaanza kutiririka.

Hapo pana mtego mwingine ambao huwanasa hata wenye uzoefu. Kamera za Sony huweza pia kurekodi 4:2:2 ya biti 10 kwa H.264, chini ya jina la XAVC S, na Quick Sync ya kizazi cha 11 hadi cha 14 haikunjui faili hilo. Inakunjua lile la XAVC HS, ambalo ni H.265. Majina hayo mawili yanatofautiana kwa herufi moja tu katika menyu ya kamera. Anayelazimika kutumia XAVC S ama anunue kadi ya mfululizo wa RTX 50, ama atengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, na sioni aibu yoyote katika proksi. Kwa upande mwingine, mwenye kamera ya biti 8, 4:2:0, kama Sony a7 III ya mwaka 2018, hana haja ya kuyawaza haya, kwani hata kadi ndogo ya Nvidia hukunjua mafaili yake bila jasho.

Baada ya faili, ninachokiangalia ni kumbukumbu ya kadi, nayo mimi huipa uzito zaidi kuliko kasi. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, ambazo ni 8,294,400. DaVinci Resolve, programu nyingine ya uhariri, huchakata kila pikseli kwa namba za biti 32, na ukihesabu rangi tatu pamoja na kiwango cha uwazi, kila pikseli huchukua baiti 16. Kwa hiyo fremu moja iliyokunjuliwa hufikia takribani megabaiti 133, dhidi ya 33 za fremu ya Full HD. Kuondoa chengachenga kwa kulinganisha fremu tano humaanisha kushika zaidi ya megabaiti 660 kabla hujaongeza kitu kingine, na kila hatua ya marekebisho hudai nafasi yake. Kumbukumbu ikijaa, kadi haipungui kasi kidogo kidogo. Resolve hukuonyesha ujumbe kwamba imejaa na kazi husimama.

Ndiyo maana kwa mhariri wa 4K anayetumia Resolve mimi huichagua RTX 3060 ya gigabaiti 12 badala ya RTX 3060 Ti ya gigabaiti 8, ingawa katika gemu hiyo Ti huishinda mbali. (Muulize muuzaji ni ipi, kwani RTX 3060 ya gigabaiti 8 nayo ipo na jina ni lilelile.) Anayehariri Full HD kwa Premiere Pro hatosheki na gigabaiti 4 kwa muda mrefu, lakini 8 zitamfaa. Kadi ya Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 na gigabaiti 12, ninaipenda kwa sababu inakunjua H.265 ya 4:2:2 yenyewe, ila inahitaji madabodi yenye Resizable BAR, yaani njia ya prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, jambo ambalo kompyuta za zamani hazina. Kuhusu kampuni ya AMD nitakuwa mfupi: kadi zake za Radeon za RX 6000 na RX 7000 zina kumbukumbu ya kutosha, lakini hazikunjui 4:2:2, na madoido kadhaa ya kampuni nyingine yameandikwa kwa CUDA, mfumo wa kuitumia kadi kufanya hesabu, ambao ni wa Nvidia peke yake.

Watu wengi hapa hawaanzi na kompyuta mpya. Huanza na kompyuta ya ofisini, OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP, iliyotoka ofisi za nje, na kasha lake likiwa lile jembamba, kadi nyingi hazitaingia hata kwa kusukuma. Tena pawa saplai yake kwa kawaida haina waya wa kulishia kadi, hivyo kadi hubaki kutegemea wati 75 ambazo nafasi yenyewe ya PCIe, yaani ile inapochomekwa kadi kwenye madabodi, inaweza kutoa. Katika mashine hiyo nitaweka GTX 1650 fupi, nikimweleza mwenyewe waziwazi kwamba gigabaiti 4 ni za Full HD. Mwenye kasha kubwa ana uhuru zaidi, lakini afanye hesabu: RTX 4060 hula wati 115, RTX 3060 wati 170, na RTX 3090 wati 350, joto ambalo katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari utaliona kwanza wewe kabla ya kompyuta. Pawa saplai ya bei ya chini iliyoandikwa wati 600 nikiinyanyua na kuiona nyepesi kama boksi tupu, huirudisha dukani.

Kadi zilizotumika sizikatai. Uchimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa kadi ulipokoma tarehe 15 Septemba 2022, kadi nyingi zilimwagwa sokoni, na zilizotunzwa vizuri bado zinafanya kazi. Ninachokataa ni kulipa kabla ya kuichomeka, kuifungua programu ya GPU-Z, inayoonyesha kadi ni ya aina gani, na kuiendesha video ya 4K kwa nusu saa huku nikitazama joto na kusikiliza feni. Kadi za kale zimewahi kuandikwa upya ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z huziumbua kwa kuweka neno FAKE mbele ya jina.

Kama kadi unayo tayari na unashuku kwamba ndiyo inayokuchelewesha, fungua Task Manager ya Windows huku video ikikwama, uende kwenye ukurasa wa GPU, yaani kadi ya grafiki. Mchoro wa Video Decode ukiwa umelala sifuri na prosesa ikihema kwa asilimia 100, tatizo ni faili na saketi ya kulikunjua. Ukiona kumbukumbu ya kadi imefika ukingoni, hapo ndipo uje tuzungumze kuhusu kadi mpya, na faili la kamera usilisahau.