Haya mahindi ni ya kula au ya kuuza?

Kazi yangu ni kuandika maneno ya kuuzia: vipeperushi, meseji, matangazo ya redio za mikoani, maelezo ya bidhaa ya kurusha WhatsApp. Kazi iliyonifunza kuliko zote ilitoka kwenye duka moja la pembejeo huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na bidhaa yenyewe ilikuwa mifuko ya kuhifadhia nafaka, ile ya tabaka tatu.

Kwa asiyeijua: kwa nje ni gunia la kawaida la kufumwa, ndani yake kuna mifuko miwili ya nailoni nzito. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unasokota mdomo wa mfuko wa ndani na kuukaza kwa kamba, kisha wa pili, kisha gunia lenyewe. Wadudu waliobaki humo wanapumua hadi oksijeni inapungua sana. Wanaacha kula, hawazaliani tena, mwisho wanakufa. Dawa haihitajiki. Mbinu hii ilianzia Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakitafuta njia ya kuokoa kunde za wakulima. Mahindi na maharage vilifuata baadaye.

Tangazo langu la kwanza lilisomeka hivi: "Mifuko ya kisasa ya kuhifadhia nafaka! Ubora wa hali ya juu, bei nafuu, karibuni nyote." Likachapwa kwa rangi nzuri, nikalipwa, nikatulia. Baada ya wiki mbili mwenye duka akanipigia. "Kaka, watu wanasimama, wanasoma, wanaondoka." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikapanda basi nikaenda kukaa nyuma ya kaunta yake siku nzima. Muuzaji alikuwa binti mdogo tu, pengine hajawahi kusikia neno "masoko" likitamkwa darasani. Mteja akiingia na kuuliza bei ya mfuko, yeye anaamkia kwanza, kisha anauliza: "Mama, haya mahindi ni ya kula au ya kuuza?" Bei inakuja baadaye. Mama akisema ya kula, binti anazungumzia dumuzi, mdudu anayebungua mahindi, na watoto. Mzee akisema ya kuuza, binti anavuta kikokotoo. Mfuko ni ule ule na bei haibadiliki, lakini ukifumba macho ukasikiliza tu, unaweza kudhani anauza vitu viwili tofauti.

Kwenye kozi tunafundishwa kugawa wateja kwa umri, jinsia, mkoa na kipato. Ni sawa, mahali pa kuanzia ni hapo. Lakini chukua wanawake wawili majirani, wana umri mmoja, kila mmoja ana ekari tatu, wote wanasikiliza redio moja. Mmoja anahifadhi ili watoto wasilale njaa mwezi wa pili. Mwenzake anangoja bei ipande alipe ada. Fomu yangu ya kozi ingewaweka kapu moja. Swali la kaunta liliwatenganisha kabla hawajafungua pochi. Tangu siku hiyo kundi la wateja, kwangu mimi, ni watu wanaotoa jibu moja kwa swali hilo.

Nianze na wa kula, maana ndio niliowakosea zaidi. Huyu anamjua adui yake kwa jina. Dumuzi ana asili ya Amerika ya Kati, aligundulika Tabora karibu na mwaka 1980, na wakulima wenye umri mkubwa bado wanasimulia walivyofungua vihenge wakakuta vumbi. Mama hasemi "upotevu baada ya mavuno". Anasema mahindi yamebunguliwa. Anasema unga unanuka dawa. Ukimwandikia "teknolojia ya kisasa" hujamgusa. Ukimwandikia "bila dawa" anasogea karibu, kwa sababu ile dawa ya unga anayochanganya na mahindi ndiyo hiyo hiyo inayomtia wasiwasi anapokoroga uji wa mtoto.

Meseji tuliyokuja kumtumia ni hii, na haizidi herufi 160, maana wengi wao wana simu za kitochi na meseji ndefu hukatwa vipande:

"Mahindi ya Februari yasiishe kwa dumuzi Septemba. Funga bila dawa kwenye mfuko wa tabaka 3. Ya kula mwezi huu weka pembeni, mengine usifungue."

Angalia sentensi ya mwisho. Si ya kubembeleza, ni maelekezo. Anayekula kwenye akiba yake atafungua mfuko kila wiki achote debe, na kila akifungua hewa inaingia, wadudu wanapata nafuu. Halafu atakwambia mfuko wako ni feki. Kwa hiyo lazima aambiwe mapema atenge gunia la kuchotea. Mwenye kuuza hana shida hiyo, atafungua mara moja siku mnunuzi amefika. Wengi wanadhani kuandikia makundi ni kubadilisha salamu na picha. Kinachobadilika kweli ni taarifa gani mtu huyu asipoipata ataharibikiwa.

Hapo hapo tulibishana. Mwenye duka alitaka niandike kwamba mfuko unazuia sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, hofu ilikuwa bado mbichi, na neno lile lingeuza. Nilikataa. Mfuko hauondoi sumu iliyokwisha kuingia shambani au uwanjani, na ukifungia mahindi yenye unyevu unafungia matatizo. Tulichoandika badala yake ni jinsi ya kupima ukavu kwa chumvi: chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Kipande hicho ndicho wateja walichokuwa wakikikata na kukibandika ukutani. Sikutarajia.

Sasa wa kuuza. Huyu anataka hesabu, na anataka aifanye mwenyewe. Nilimwekea mfano kwenye kipeperushi: tuseme gunia la kilo 100 wakati wa mavuno ni shilingi 50,000, na tuseme Januari linafika 75,000. Toa bei ya mfuko, toa nauli, toa kodi ya stoo. Kinachobaki ni nini? Nafasi za tarakimu zake mwenyewe niliziacha wazi ajaze kwa kalamu, kwa sababu bei za Mbozi mkoani Songwe si za soko la Kibaigwa mkoani Dodoma, na mkulima akiona bei ya uongo kwenye karatasi anaitupa karatasi nzima. Chini yake nikaongeza kwamba mfuko usiotoboka unatumika tena msimu unaofuata. Kwa huyu hiyo ni nusu ya hoja. Kwa mama wa kula ni jambo la pembeni.

Kuna sentensi ambayo huwa sikubali iandikwe kwa kundi hili: "Subiri, uuze kwa bei ya juu." Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuvuka mpaka, na msimu uliofuata waliokuwa wamejaza stoo wakingoja bei waliiona inashuka. Mfuko hauna mkono kwenye soko. Kwa hiyo maneno yetu yalisema: "Ukivuna Juni si lazima uuze Juni." Tunamuahidi uhuru wa kungoja, ambao kweli mfuko unampa. Muda wa kuuza anaamua yeye.

Halafu kuna kalenda, na hapa wanaotangaza nchi nzima kwa ujumbe mmoja ndipo wanapopoteza fedha. Mbeya, Songwe na Rukwa wana msimu mmoja wa mvua, na mahindi yanaingia nyumbani kati ya Mei na Agosti. Kilimanjaro na Arusha kuna vuli na masika, kwa hiyo kuna watu wenye mahindi mapya Februari. Ujumbe wa "umeshaanika?" ukitumwa Februari kwa mtu wa Mbozi unamkuta mahindi yake yako shambani mabichi, anacheka tu. Hata ndani ya msimu mmoja maneno hayafanani. Wakati wa kupukuchua unazungumzia ukavu na turubai. Nane Nane, watu wakiwa viwanjani na fedha kidogo mfukoni, ndio wakati wa kufunga mfuko mbele yao na kuwaacha waushike. Hakuna maandishi yangu yaliyowahi kuuza kama mfuko uliofunguliwa mbele ya watu, mahindi yakatoka mazima.

Shule na vikundi vya wakulima niwataje kwa ufupi: wanataka bei ya jumla, risiti na tarehe ya kufikishiwa mzigo. Ukurasa mmoja, hakuna hadithi.

Kundi lililonishangaza halikuwa kwenye orodha yangu kabisa. Kwenye namba ya WhatsApp ya duka walianza kuingia watu wa Dar es Salaam. Hawana shamba, hawajashika jembe miaka mingi. Mmoja aliandika: "Mama yuko kijijini, kila mwaka mahindi yake yanaliwa na wadudu halafu ananipigia mimi nitume hela ya unga. Mnaweza kumpelekea mifuko mitano?" Huyu halindi mahindi, analinda mshahara wake. Na atakayefunga mifuko si yeye aliyelipa. Kwa hiyo tukaandika mara mbili kwa mauzo yale yale: yeye anapata bei ya kufikisha na namba ya kulipia kwa simu, mama yake anapata sauti. Ndiyo, sauti. Dakika moja na nusu ya yule binti wa kaunta akieleza namna ya kukamua hewa na kufunga, tuliyoirekodi kwa simu, kuku wanasikika nyuma. Nilitaka kuirudia studio, mwenye duka akanikatalia, na alikuwa sahihi.

Kama una duka na unataka kuanza, huhitaji programu ya gharama. Sisi tulitumia daftari la mauzo lenye safu moja ya ziada. Muuzaji anauliza swali lake, anaandika herufi moja: L kwa wa kula, U kwa wa kuuza, T kwa anayemtumia mtu mwingine mifuko, na namba ya simu kama mteja ameridhia kutumiwa meseji. Usiandike namba ya mtu ambaye hajakubali.

Miezi michache baadaye nilipolipitia daftari lile, nilikuta kurasa zina herufi ambayo hatukukubaliana: LU, LU, LU. Nikampigia binti nikamuuliza ni nini. Akasema, "Kaka, wengi wanajibu yote mawili. Magunia manne ya kula, sita ya kuuza. Nami nifanyeje?" Nilikaa nalo siku mbili. Sasa hao tunawatumia meseji ya L wakati wa kuanika na ya U kuanzia Novemba, na yeye anawaambia wafunge kamba nyekundu kwenye magunia ambayo hayafunguliwi.