Uuguzi wa mzee aliyepona saratani: maana yake

Ni huduma inayoanza pale matibabu yanapokwisha: kumchunguza, kumsaidia na kumfundisha mtu wa miaka 60 na zaidi aishi vizuri katika mwili uliopitia upasuaji, mionzi au dawa kali. Kuangalia kama saratani imerudi ni sehemu tu ya kazi hiyo. Matibabu nayo huacha madhara, na jamaa huyapuuza wakisema, "Ni uzee."

Chukua miguu. Paklitakseli na sisplatini, dawa kali za saratani, huumiza mishipa ya fahamu, na ganzi au hali ya kuwaka moto nyayoni huweza kudumu miaka. Asiyehisi sakafu huanguka, na mifupa iliyodhoofishwa na baadhi ya dawa za homoni za saratani ya matiti au ya tezi dume huvunjika upesi. Muuguzi humwomba mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Kisha humpima presha akiwa amelala kwa dakika 5, na tena dakika ya 1 na ya 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, huenda amepungukiwa maji au dawa ya presha imezidi. Nyumbani avae viatu vya kufunika vidole badala ya ndala, njia ya msalani iwe na taa, nyayo zikaguliwe kila jioni, na maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko.

Mama aliyepigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya shingo ya kizazi, kama wengi wanaotibiwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, anaweza kuona damu kwenye choo au mkojo hata miaka kadhaa baadaye. Huona haya kusema, basi aulizwe faraghani. Damu hiyo isiitwe bawasiri kabla daktari hajachunguza: yaweza kuwa athari ya mionzi, yaweza kuwa saratani.

Dawa zote zikaguliwe, za dukani na mitishamba pia. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu ya magoti, ni hatari kwa figo zilizokwisha kuumizwa na sisplatini. Na kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, hudanganya: mzee aliyekonda ana misuli kidogo, hivyo namba hutoka nzuri huku figo zimechoka. Iombwe hesabu ya uchujaji wa figo inayozingatia umri.