Kamba, Nyenje na Herufi 28

Jirani yangu hapa Mji wa Kale alinijia na pakiti ya biskuti alizoletewa na mgeni kutoka bara. "Mwanangu, hizi zina unga wa nyenje. Na huyu mjukuu wangu akila kamba midomo yafura. Nimpe, nisimpe?"

"Usimpe, shangazi." Kisha nikaketi nimweleze sababu, maana kwa macho nyenje, mdudu wa nyasini, na kamba wa baharini hawana udugu wowote.

Mwili wenye mzio hautambui kamba kwa sura. Kingamwili zake za aina ya IgE hunasa protini, na kwa kamba protini inayolaumiwa zaidi ni tropomayosini, mojawapo ya zile zinazoendesha misuli. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, na kila aina ina herufi yake. Tropomayosini ya kamba ina herufi 284. Basi swali la shangazi lageuka kuwa la maandishi: herufi za nyenje zinafanana kiasi gani na za kamba?

Katika kazi yangu ya kuchunguza mzio wa vyakula, mimi huanzia AllergenOnline, kanzidata ya Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, ambayo yeyote anaweza kuitumia bure. Humo zimekusanywa protini zinazojulikana kuleta mzio. Nikiweka mfuatano wa herufi za protini ya nyenje, programu huukata vipande vya herufi 80: ya 1 hadi ya 80, ya 2 hadi ya 81, mpaka mwisho. Protini ya herufi 284 hutoa vipande 205. Hata kimoja kikilingana na protini mojawapo ya humo kwa zaidi ya 35%, yaani kupita herufi 28 kati ya 80, tunasimama na kuchunguza. Kipimo hicho kimo katika mwongozo wa 2003 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu vyakula vilivyobadilishwa jeni, nasi hukitumia pia kwa vyakula vipya. Wako waliotaka herufi 6 mfululizo zitoshe. Mimi siafiki, kwani herufi chache hivyo hukutana kwa bahati tu.

Tropomayosini ya nyenje inakipita kipimo hicho mbali sana, iwe dhidi ya kamba, mende, au wale wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Na kukaanga hakusaidii, protini hii hustahimili moto.

Lakini hapa ndipo nawaomba mtulie. Tropomayosini ya kuku nayo hupita 35% ikilinganishwa na ya kamba, na mjukuu huyu hula pilau ya kuku bila tatizo. Kwa hiyo kufanana kwa herufi hakuthibitishi mzio. Kunatuonyesha damu ya nani ipimwe. Tunachukua majimaji ya damu ya watu wenye mzio wa kamba, tuone kama IgE zao zinaishika protini ya nyenje. Kwa nyenje zimeshika, kwa hiyo sikusitasita kumjibu shangazi. Vilevile, kanzidata isipoonyesha chochote, maana yake ni kwamba hakuna mfanano na protini ya mzio *inayojulikana*. Protini ya mzio mpya kabisa haitaonekana humo.

Sipingi nyenje, ni chakula chenye protini nyingi. Kilichoniuma ni pakiti ile: "unga wa nyenje" umeandikwa kwa herufi ndogo kabisa, na hakuna onyo lolote. Nimewaandikia watengenezaji waongeze mstari mmoja mbele ya pakiti: "Ukidhurika na kamba au kaa, usile."