Tarakimu saba hazionyeshi kitovu cha babu kilipozikwa

Tangu nilipoacha kazi ya upimaji ardhi na kufungua ofisi ndogo hapa Kirumba, Mwanza, ambamo ninazisaidia familia kuingiza nasaba zao katika kompyuta, sijawahi kumaliza wiki bila kusikia kwamba majiranukta, au kodineti kama sisi wapimaji tulivyozoea kuyaita, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali, yakiwa na tarakimu nyingi ndiyo ya kweli zaidi. Wiki iliyopita aliyeyasema hayo ni kijana mmoja ambaye, baada ya shikamoo, alinigeuzia kompyuta yake mpakato akiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha kushinda kesi. "Mzee, angalia mwenyewe. Tarakimu saba baada ya nukta. Hapa hakuna ubishi tena."

Niliikuza ramani. Pini ya kuzaliwa kwa babu yake ilikuwa katikati ya barabara ya mji wa Sengerema, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilipomwuliza ni nani aliyemwambia kwamba babu alizaliwa hapo, alijibu kwamba hakuna. Shangazi yake alisema "Sengerema" tu, naye akaliandika jina hilo katika kisanduku cha kutafutia, programu ikamletea namba, akazikubali. Shangazi hakufafanua kama alimaanisha mji, wilaya au upande ule wote wa ng'ambo ya ghuba, na programu nayo haikuuliza. Ilichukua nukta moja iliyowekewa jina hilo katika hifadhidata na kuitoa na mkia wake wote wa desimali.

Hesabu yake si ngumu, na inashangaza kwamba watu wanaopima kiwanja kwa ugomvi wa hatua moja hawaifanyi wanapofika kwenye ukoo wao. Nyuzi 1 ya latitudo ni takribani kilomita 111, na kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi 1 ya longitudo huku kwetu inakaribiana nayo. Basi tarakimu ya kwanza baada ya nukta hutenganisha kilomita 11, ya pili kilomita 1.1, ya tatu mita 111, ya nne mita 11, ambayo ni nyumba na uwanja wake, na ya tano mita 1.1, ambayo haitoshi hata urefu wa kitanda. Ya saba ni sentimita 1. Anayeandika tarakimu saba anadai kuwa anajua mama wa babu yake alijifungulia wapi kwa kipimo cha ukucha wa kidole gumba, ilhali ushahidi alionao ni neno moja la shangazi. Hata simu nzuri iliyoshikwa mahali pa wazi huwa na kosa la mita 5 hivi, na chini ya mwembe au paa la bati kosa huongezeka. Kwa hiyo tarakimu ya sita na ya saba ni mapambo hata kwa aliyesimama juu ya kaburi lenyewe.

Kinachoikuza dhana hii ni umbo la faili. Programu hizi hupeana taarifa kwa faili la GEDCOM, na chini ya jina la mahali faili hilo lina mistari miwili tu ya ramani, LATI na LONG. Hakuna mstari wa tatu wa kuandika kwamba kosa linaweza kufika kilomita 10. Pini inayokisiwa na pini iliyopimwa zinatoka zikiwa na sura moja, na binamu aliye Dar es Salaam akipokea faili hawezi kuzitofautisha, bali atazinakili, naye mwingine atazinakili kwake, mpaka lile duka la vifaa vya ujenzi liwe ndilo kwao.

Kijana alipouliza kama afute, nilimwambia akate. Kanuni ninayoitumia mimi, na ambayo sijaona sababu ya kuibadilisha, ni tarakimu mbili kwa kijiji kinachojulikana, nne kwa boma au kaburi ambalo mtu wa familia amesimama hapo na simu, na kisanduku kitupu pale ambapo kinachojulikana ni wilaya peke yake. Kisha katika maelezo ya mahali, si katika maelezo ya mtu, aandike nani alisema na kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani, hata kama programu itajaza sifuri zake baada ya tarakimu alizoacha.

Kuna jambo jingine ambalo kwa watu wa Usukuma linaiharibu pini kuliko desimali zote. Mwezi Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wa vijijini wote wawe wamehamia katika vijiji, na familia zilizokuwa zikiishi kwa kutawanyika, kila boma na mashamba yake, zikakusanywa mahali pamoja. Jina la kijiji unaloliona leo kwenye ramani limekaa pale watu walipokusanywa. Babu aliyezaliwa miaka ya 1930 alizaliwa penye boma la zamani, ambalo laweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapo, na hakuna programu inayolijua boma hilo. Mzee mmoja wa familia, akipelekwa kwa pikipiki huku akionyesha minyaa na mkuyu uliobaki, anajua zaidi ya hifadhidata yoyote. Ndiyo maana ninawaambia wateja watumie nauli kabla ya kutumia bando.

Dhana nyingine zinanichosha, lakini hazinihitaji kusema mengi.

Wapo wanaoamini kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya latitudo ni kistari cha urembo. Mwanza iko karibu na latitudo -2.5167 na longitudo 32.9. Ukiifuta alama hiyo, umeuvusha ukoo wako ng'ambo ya ikweta na kuuweka kaskazini mwa mji wa Lira, Uganda. Ukiiacha alama lakini ukageuza mpangilio, ukaanza na longitudo, mababu wanaishia mashariki ya Moroko. Katika programu za nasaba latitudo hutangulia, lakini mafaili ya ramani ya KML na GeoJSON huanza na longitudo, na hapo ndipo wanaonakili kwa haraka hukwama. GEDCOM yenyewe haitumii alama ya kutoa, bali huandika S2.5167 na E32.9, hivyo usishtuke alama ikitoweka, mradi S ipo.

Wapo wanaodhani kwamba dakika ni desimali. Nyuzi 2 na dakika 31 si 2.31, kwa sababu nyuzi ina dakika 60; gawanya 31 kwa 60 upate 2.5167. Aliyeandika 2.31 kusini na 32.54 mashariki badala ya nyuzi 32 na dakika 54 ameuhamisha mji wa Mwanza zaidi ya kilomita 40, upande wa kisiwa cha Kome.

Wengine huniletea namba za hati ya upimaji, tarakimu sita kwa upande wa mashariki na saba kwa upande wa kaskazini, wakishangaa programu inapozikataa. Hizo ni mita katika kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa gridi wanaoutumia wapimaji, si nyuzi, na lazima zibadilishwe kwanza. Na ikiwa zimetoka kwenye karatasi za ramani za zamani zinazotumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, tofauti yake na mfumo wa WGS84 unaotumiwa na simu ni takribani mita 300, kiasi cha kutosha kulipeleka kaburi katika shamba la jirani.

Ipo pia dhana kwamba ukishaweka majiranukta huna haja ya jina. Nukta haihami, lakini utawala huhama: Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza mpaka 2012, na cheti cha zamani kitasema Mwanza. Andika jina kama lilivyo katika cheti, na la sasa kando yake. Programu ya nasaba ya Gramps, kwa mfano, hukuruhusu kuonyesha kwamba mahali palikuwa chini ya mkoa huu hadi tarehe fulani, kisha chini ya ule. Jina pekee nalo halitoshi, kwa maana Kisesa ipo Magu na Kisesa ipo Meatu.

Na ya mwisho ni ile ya wanaoona pini majini wakaivuta hadi nchi kavu bila kuuliza. Mara nyingi ni kosa kweli, hasa kwa vijiji vya ufukweni vya Ukerewe, ambako kukata desimali hadi mbili hutosha kuitosa pini, na hapo ninawaruhusu waongeze ya tatu. Lakini kati ya 1961 na 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na makazi ya ufukweni yakafunikwa. Familia moja niliyoihudumia ilikuwa na mama aliyezaliwa katika makazi ya namna hiyo, na kaka yake, mzee wa miaka themanini na ushee, alisimama juu ya mwamba akanionyesha kwa fimbo mahali palipokuwa na boma, panapopita mitumbwi sasa. Pini ya mama huyo iko majini. Katika maelezo tuliandika kwamba alionyesha kaka yake, kwamba kosa laweza kufika mita 200, na kwamba isisogezwe.